Haiuzwi

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimdanganya mtoto wa miaka sita, na nilimdanganya vizuri sana.

Tulikuwa kwenye supamaketi, mimi na mpwa wangu. Dadangu alikuwa amenituma sukari, maziwa na sabuni ya kufulia, na mtoto akaomba anifuate. Anayepanga rafu za hizi supamaketi anajua kazi yake. Ukitaka kufika kwenye sukari lazima upite vichezeo, na vile vya kuvutia zaidi vimewekwa chini, mahali macho ya mtoto yanafika kabla ya macho ya mtu mzima. Mpwa wangu akasimama. Kulikuwa na gari jekundu la rimoti ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki. Bei: shilingi 2,799. Mfukoni nilikuwa na elfu moja ya dadangu na mia tatu hamsini zangu.

"Anko, ninunulie hii."

Sikufikiria hata sekunde moja. "Hiyo haiuzwi," nikamwambia. "Hiyo ni ya kuonyesha tu."

Akaliangalia gari, akaniangalia mimi, akalirudisha polepole kama mtu anayerudisha yai. Hakulia. Tukaenda kuchukua sukari, na mimi nikajipongeza kimoyomoyo: hakuna kilio, hakuna aibu mbele ya watu, hakuna kubebana kwa nguvu hadi mlangoni. Ni tulipofika kwa foleni ya keshia ndipo nikatambua kwamba yale maneno hayakuwa yangu. Yalikuwa ya mamangu, neno kwa neno, hata ile sauti ya kujifanya hujali.

Nilikuwa na miaka saba hivi aliponiambia hivyo. Yangu ilikuwa basi la kijani ambalo milango yake inafunguka ukibonyeza kitufe. "Hiyo haiuzwi," mama akasema, na mimi nikaamini. Niliishi na hiyo imani miezi kadhaa bila uchungu wowote. Mtu haumii kwa kukosa kitu kisichouzwa, vile hakuna mtoto anayelala akilia kwa sababu hana mwezi. Kila tukienda pale nilikuwa nalisalimia lile basi na kupita.

Halafu Desemba ikafika. Tulikuwa tumepanga foleni na unga wetu, na mbele yetu kulikuwa na mvulana wa rika langu amekumbatia basi la kijani. Keshia akalichukua, akalipitisha kwenye mashine, ikalia vile inalia kwa unga. Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anasoma tangazo la mafuta ya kupikia ukutani. Sikuuliza kitu.

Watu wengi hudhani mtoto akigundua uongo anajifunza kwamba mzazi wake ni mwongo. Mimi sikufika huko. Mama alikuwa mama. Angesema kweli tu. Kwa hivyo nikatafuta njia ya kuyafanya yale maneno yawe kweli, na njia ilikuwa moja: haiuzwi kwetu. Mahali fulani kuna sheria, nikafikiri, na yule mvulana yuko upande mmoja wa hiyo sheria na mimi niko upande ule mwingine. Sikujua nani aliitunga. Nilijua tu kwamba keshia anaijua, mama anaijua, na sasa mimi pia ninaijua.

Swali langu basi ni hili: je, ni makosa kumdanganya mtoto kuhusu pesa?

Kabla hujajibu haraka, kumbuka wewe ulidanganywaje. "Tutarudi." "Kesho." "Hiyo imeharibika." "Ukishika hiyo, yule askari atakushika." "Mwenye duka amefunga hiyo." Sisi sote tumelelewa na haya maneno, na wengi wetu tumekua tukawa watu wazuri tu. Mtu akikuambia kwamba mama yako alikutendea uovu kwa kusema "tutarudi," utamwona amechanganyikiwa.

Immanuel Kant hangeona hivyo. Mwaka 1797 aliandika insha fupi ambayo wanafunzi wa falsafa huipenda kwa sababu ni rahisi kuichukia. Alisema kwamba hata muuaji akibisha mlangoni akiuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Ukweli ni wajibu, na wajibu hauangalii nani anauliza wala nini kitafuata. Ni vizuri pia kujua kwamba Kant hakuwahi kuoa wala kulea mtoto. Hakuwahi kusimama mbele ya rafu ya vichezeo tarehe ishirini na nane, mshahara bado, na mkono mdogo umeshika suruali yake.

Kwa hivyo wacha nimtetee mama kwanza. Alikuwa na kibanda cha mboga. Siku ikiwa nzuri tulikula vizuri, ikiwa mbaya tulikula zile mboga zilizobaki. Angeniambia nini? Kwamba basi lile ni faida ya wiki mbili? Mtoto wa miaka saba atafanyia nini hesabu kama hiyo? Kuna wazazi ambao hawadanganyi kabisa, na ukweli wao ni mzito kuliko uongo wowote. Wanamwambia mtoto kila kitu: deni la duka, kodi iliyochelewa, vile baba hatumi pesa. Mtoto anaanza kuomba msamaha kwa kuwa na njaa. Nimewaona watoto kama hao. Nadhani mama aliona kwamba hesabu za nyumba ni mzigo wa mtu mzima, akaamua kuubeba peke yake. Huo ni upendo, na sitaki mtu anayesoma hapa afikirie naudharau.

Lakini nikijiuliza mimi mwenyewe nilikuwa namlinda nani siku ile kwenye supamaketi, siwezi kusema ni mtoto. Mpwa wangu hakuwa katika hatari yoyote. Mimi ndiye nilikuwa hatarini. Kwa marafiki zangu "sina pesa" ni salamu tu. Tunasema tumesota, tunacheka, tunagawana chapo moja. Kwa mtoto maneno hayohayo hayatoki. Yeye ndiye mtu wa mwisho duniani anayeamini kwamba anko anaweza kila kitu, na mimi nilitaka hiyo imani iishi wiki moja zaidi. Nililinda picha yangu, nikamwachia yeye bili.

Na bili huja. Kwangu ilikuja nikiwa na miaka ishirini.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ya muhula ilikuwa haijalipwa, na kila nikipiga simu nyumbani mama alinijibu neno moja: "Kesho." Kesho kuna mtu ananilipa. Kesho chama kinatoa. Kesho, usijali, wewe soma. Wahenga walisema ahadi ni deni, lakini mimi sikuhesabu deni. Nilisoma, kama nilivyoambiwa. Siku ya mwisho ya kuomba basari ya eneo bunge ikapita nikingoja kesho. Siku ya mwisho ya kuahirisha masomo ikapita pia. Wiki ya mitihani jina langu halikuwa kwenye orodha, na sikurudi.

Mama hakuwa na hiyo karo hata siku moja muhula ule. Angesema "sina," ningekuwa na miezi mitatu ya kuhangaika: kujaza fomu, kuomba mkuu wa idara, kutafuta kazi ya usiku. Labda nisingefaulu. Lakini ningekuwa mchezaji. Badala yake nilikuwa yule mtoto wa foleni, naangalia watu wengine wakipita na mabasi yao, na moyoni nikijiambia kitu nilichojiambia nikiwa na miaka saba: ni sawa, hii haiuzwi kwetu.

Hapo ndipo uongo wa upendo unaharibikia. Umaskini ni hesabu: tuna hiki, kile kinagharimu kile, bado kiasi hiki. Hesabu ni ngumu lakini inasogea. Unaongeza, unapunguza, unakopa, unangoja. Tukimficha mtoto hesabu, hatumwondolei umaskini. Tunaugeuza kuwa sheria, na mtu hafanyi hesabu na sheria. Anaitii tu.

Kwa hivyo sikubaliani na Kant kwamba kila uongo ni sawa na mwingine, wala sikubaliani na wale wanaosema mtoto hana haja ya kujua. Nimejaribu kupima majibu tunayompa mtoto anayeomba kitu dukani, na naona tofauti iko kwa kile kinacholipata swali lake. "Haiuzwi" linaliua swali. "Kesho" linaliahirisha hadi mtoto achoke kuuliza. "Unafikiri mimi ni benki?" ni ukweli, lakini linaliadhibu, mtoto anajifunza kwamba kutamani ni kosa. "Sina pesa," likisemwa bila hasira na bila machozi, ndilo peke yake linaloacha nafasi ya swali la pili.

Najua kuna watakaosema tatizo ni supamaketi yenyewe. Watasema sisi tulitengeneza magari ya waya, tukachimba mashimo mchangani tukacheza ajua kwa mawe, na tulikuwa na furaha kuliko hawa watoto wa rimoti. Mimi pia nilitengeneza gari la waya, na lilikuwa na usukani mrefu na magurudumu ya vifuniko vya soda. Nililipenda. Lakini gari la waya halikuwa jibu la swali nililouliza. Niliuliza kuhusu basi la kijani. Mtoto akiuliza kuhusu duka halafu akajibiwa kwa hadithi ya zamani, huo pia ni ujanja wa kukwepa.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwa dadangu. Nikakaa chini na mpwa wangu.

"Lile gari nilikudanganya," nikamwambia. "Linauzwa. Ni vile sina pesa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, au lile jicho la kuvunjika moyo. Akaniuliza: "Una ngapi?"

Sijui kwa nini sikulitarajia hilo swali. Nikatoa pesa mfukoni. Nilikuwa na mia nne. Tukazipanga kitandani. Nikamwonyesha kwamba nauli ya kwenda na kurudi ni mia moja, kwa sababu yeye nitampakata. Tukabaki na mia tatu. "Mia tatu inanunua gani?" akauliza, na tukapanda matatu tukaenda Gikomba kuangalia.

Kama hujawahi kununua vichezeo vya mtumba, vinamwagwa kwenye turubai kama viazi. Midoli isiyo na nguo, mafumbo ya picha yasiyo na vipande vyote, simu za plastiki zinazolia kwa lugha ambazo hakuna anayezijua. Ni vitu vya watoto wa Ulaya na Marekani ambao wamekua. Mpwa wangu alitembea pale kama mkaguzi. Alikuwa anashika kitu, anauliza bei, anakirudisha. Mwishowe alichagua lori la manjano lisilo na gurudumu moja la nyuma. Mwenye mali alitaka mia na hamsini, tukaelewana themanini. Mimi nikaona boksi la Monopoly lililofungwa kwa uzi, nikalichukua kwa mia mbili. Ishirini zilizobaki tulinunua ndizi mbili.

Boksi lilikuwa limetoka Uingereza, kwa sababu mitaa yake ni ya London. Old Kent Road ndiyo ya bei ya chini, pauni 60, na Mayfair ndiyo ghali, pauni 400. Hoteli zilikuwa zimepotea zote, nyumba zilibaki nne, na dadu ilikuwa moja badala ya mbili. Tukaazima dadu ya Ludo ya jirani. Nyumba zikawa mahindi na hoteli zikawa maharagwe.

Usiku nikasoma historia ya huu mchezo, na ikanishangaza. Aliyeuanzisha ni mwanamke Mmarekani, Lizzie Magie, aliyewahi kufanya kazi ya ukarani. Alikuwa mfuasi wa Henry George, ambaye katika kitabu chake cha 1879 alisema kwamba anayemiliki ardhi anatajirika kutokana na jasho la wengine kupitia kodi. Magie alitaka watu waione hiyo hoja kwa macho, wakiwa wamekaa mezani. Mwaka 1904 akapata hataza ya mchezo alioupa jina The Landlord's Game, yaani mchezo wa mwenye nyumba. Aliuwekea sheria za aina mbili. Kwa aina ya kwanza mmoja anawafilisi wengine wote, vile tunavyocheza hadi leo. Kwa aina ya pili, mtu akipata mali kila mmoja anafaidika, na mchezo unaisha kwa ushindi wakati aliyeanza na kidogo zaidi ameongeza pesa zake mara mbili. Bodi ni ileile, wachezaji ni walewale. Kinachobadilika ni karatasi ya sheria.

Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ilinunua haki zake kwa dola 500, bila asilimia ya mauzo. Ilikuwa tayari imeununua mchezo kutoka kwa mwanamume aitwaye Charles Darrow, na kwa miongo mingi dunia iliambiwa kwamba Darrow ndiye aliyeubuni. Jina la Magie lilianza kurudi miaka ya 1970, profesa wa uchumi Ralph Anspach alipokuwa akipigana na kampuni hiyo mahakamani kuhusu mchezo wake mwenyewe. Sheria za aina ya pili hazimo kwenye boksi langu. Mtu anaweza kucheza Monopoly maisha yake yote akidhani mambo hayawezi kuwa vingine.

Tuliucheza Jumapili, na mama alikuwa amekuja kututembelea. Hajawahi kuona bodi kama ile. Mpwa wangu akawa timu moja na yeye. Mtoto anarusha dadu, shosho anashika noti. Dadangu, ambaye hulipa kodi ya kweli kila tarehe tano kwa chumba kimoja, akainunua Mayfair, akaijenga hadi ikawa na haragwe, akaanza kutuangalia kwa jicho la landilodi. Sikuwahi kumjua na huo ukali.

Halafu mama akaangukia Mayfair. Kodi: pauni 2,000.

Akahesabu noti zake mara mbili, mpwa wangu akimsaidia. Zilikuwa 340.

"Shosho, hatuna," mtoto akasema.

Mama akazitupa noti zote hewani. "Hatuna!" akasema, akicheka hadi akashika mbavu. "Mwambie mamako hatuna pesa. Hatuna kabisa! Atufanye vile anataka."

Sote tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine, kwa sababu katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia mama akitamka hayo maneno. Nadhani naye aliona. Alipokuwa akiokota noti chini ya meza alisema, bila kuniangalia, "Hii ya karatasi ni rahisi kusema."

Sikumjibu. Sikutaka aombe msamaha, na sidhani ana kosa la kuombea msamaha. Alinipa kile alichokuwa nacho, na kilikuwa uongo mzuri. Lakini nilijua kwamba mimi sitaupitisha mbele.

Juzi nilienda tena supamaketi na mpwa wangu. Gari jekundu bado liko. Akasimama mbele yake, akaiangalia bei, tarakimu moja moja, vile anavyofundishwa shuleni.

"Anko, bado ni elfu mbili na mia saba?"

"Mia saba tisini na tisa. Bado."

"Na sisi tuna ngapi?"

"Mia tano."

Akafikiria kidogo. "Basi bado," akasema, na tukaenda kuchukua sukari.